Madhambi ya Rabat

Adhana ya Isha ilitukuta mapumziko. Sikumbuki mechi nyingine iliyojipanga vizuri hivyo na ibada. Mpira ulianza saa moja usiku kwa saa zetu, Jumapili ya tarehe 4 Januari 2026, Tanzania na Morocco mjini Rabat, hatua ya kumi na sita bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Refa alipopuliza filimbi ya nusu ya kwanza bila kwa bila, mwadhini wa mtaa wetu hapa Chake Chake naye akakamata spika. Wenye udhu wakatangulia, wasio nao wakagombania kopo pale bombani, na televisheni ikabaki inatazamwa na watoto wawili na paka. Imamu, Mungu amjaalie kila la kheri, alisoma sura fupi.

Tuliporudi nusu ya pili ilikuwa imeshaanza. Dakika ya 64 Achraf Hakimi akampa mpira Brahim Díaz, pembeni, pahala ambapo mtu wa kawaida hupiga krosi. Yeye akapiga golini, ukaingia. Baada ya hapo tulikaa na tumaini lile la Mpemba anayengoja boti siku ya upepo: haijafutwa, lakini haijaonekana. Halafu zikaja dakika za nyongeza. Iddi Selemani, huyu tunayemwita Nado, akaingia ndani ya kumi na nane, Adam Masina yuko nyuma yake, mkono ukaenda mgongoni, Nado akawa chini. Baraza zima tukasimama. Refa Boubou Traoré wa Mali akaashiria mchezo uendelee. Tukangoja wale wa video wamwite akatazame. Hawakumwita. Ikaisha hivyo, moja bila.

Televisheni ikazimwa, watu hawakuondoka. Yaliyosemwa usiku ule, na kesho yake, na wiki nzima iliyofuata, nimeyapanga hapa kwa mtindo wangu, si kwa saa yalivyosemwa. Majina nimeyaacha barazani. Wenyewe watajitambua, na watanilaumu kwamba sikuwasemesha vya kutosha.

Wa kwanza alikuwa Dogo wa bodaboda, kijana aliyevaa jezi ya Stars, timu yetu ya taifa, yenye jina la Fei Toto mgongoni. Alimwendea moja kwa moja Maalim, mwalimu wa skuli aliyestaafu, kwa sababu barazani kwetu jambo halijawa kweli mpaka Maalim alikubali.

— Maalim, umeona au hukuona?

— Nimeona mkono. Kusukuma sijui.

— Mkono unakwenda mgongoni kwa mtu kufanya nini? Kumkanda?

Watu wakacheka, Maalim hakucheka. Alimwita muuza kahawa, akapokea kikombe, akakizungusha kidogo vidoleni kama anavyofanya akitaka watu wamngoje.

— Mtangazaji kasema Nado kafanyiwa madhambi. Mimi neno hili hunikera tangu zamani. Madhambi ni mlango wa toba. Huyu Masina atatubu kwa nani, kwa refa? Semeni rafu. Semeni kasukumwa. Mkishasema madhambi, mmeshamtia mtu motoni kabla ya marudio.

Hapa nitamkatiza Maalim, kwa sababu aligusa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Ukikisikiliza Kiswahili cha mpira, nusu yake kimetoka msikitini na nusu mahakamani. Mchezaji hufanya madhambi. Anayempulizia ni mwamuzi. Mpira unaopigwa ni wa adhabu. Mwingereza ana neno lake dogo linalotosha kwa mchezo mchafu na kwa hewa chafu, akitoka uwanjani anaendelea na safari zake. Sisi tukitoka uwanjani tunatoka na dhambi ambayo haikuhukumiwa. Mpita njia angetusikia usiku ule angedhani tunagombea shamba la mirathi lenye mikarafuu mia.

Dogo hakuwa na haja na lugha.

— Basi na iwe rafu, Maalim. Rafu ndani ya kumi na nane ni nini?

— Penalti.

— Ahsante. Nimemaliza.

Hakuwa amemaliza, bila shaka. Fundi wa redio na simu, ambaye ndiye aliyevuta waya wa televisheni ile juu ya mwembe, alikuwa na la kwake kuhusu mitambo. VAR, ambayo wazee wetu wanaiita vaa kama wanaambiwa wavae kitu, haiingilii kila jambo. Inaingia kwenye goli, kwenye penalti, kwenye kadi nyekundu ya moja kwa moja, na pale refa anapomwadhibu asiye mwenyewe. Na hata hapo, wale waliokaa kwenye chumba cha skrini wanatakiwa waone kosa la wazi kabisa. Refa akiwa ameliona tukio, ameliamua, nao wakaliona ni la kubishanika, humwachia.

— Sasa hilo ndilo, akadakia Maalim. Jambo ambalo watu kumi na moja wanalibishania hapa kwa saa nzima, utasemaje liko wazi?

— Hatulibishanii kwa kuwa haliko wazi, Maalim. Tunalibishania kwa kuwa wewe upo.

— Dogo, adabu, mtu mmoja akasema kutoka gizani.

— Samahani, mzee wangu. Lakini usiku huu vaa haikuvaa kitu. Ilikuwa uchi.

Nikiri kwamba hapo nilikuwa upande wa Dogo. Mimi niliona msukumo. Niliuona mara nne kwenye simu ya mtu, polepole, na kila mara ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Hii ni hila ya marudio ya polepole: kila mguso unakuwa pigo. Lakini hata ukiliondoa hilo, mchezaji anayekimbilia mpira hajiangushi mbele dakika za nyongeza timu yake ikitafuta goli la kusawazisha. Au labda ndipo hasa hujiangusha. Tazama, nimeshaanza kubishana na nafsi yangu.

*

Mjomba wa Kilifi ndiye aliyeyapindua mazungumzo. Yeye ni Mpemba wa ng'ambo ile. Babu yake alivuka na ngalawa kufuata samaki pwani ya Kenya, akaoa huko, akazikwa huko, na wajukuu wakaishi miaka na miaka bila kitambulisho mpaka serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa raia wake mwaka 2023. Amekuja kuwatazama ndugu wa mama yake. Alikuwa ametulia tangu mwanzo, akitafuna kashata, mpaka akaulizwa kwa kejeli kama Wakenya nao wameumia.

— Sisi tuna maumivu yetu, akasema. Mnajua raga?

Kimya. Raga Pemba hatuichezi. Tunaijua kwa kuipita kwenye chaneli: majitu mapana yanagombania mpira wenye umbo la yai. Mjomba ikabidi aeleze kama anayemweleza mtoto. Unakimbia mbele, lakini mpira ukitaka kumpa mwenzio kwa mkono lazima umpe wa nyuma yako. Ile ya watu saba kila upande inachezwa dakika saba, mapumziko mafupi, dakika saba nyingine, imekwisha.

— Kahawa haijapoa, akasema muuza kahawa, ambaye kila kitu hukipima kwa kahawa.

— Haijapoa. Basi Mei 2023, London, uwanja wa Twickenham, Kenya na Kanada. Atakayefungwa anatoka kwenye mashindano makubwa ya dunia ya raga ya saba. Sisi ndio tuliochukua kombe la Singapore mwaka 2016, tukawapiga Fiji thelathini kwa saba katika fainali! Fiji, ambao raga kwao ni kama karafuu kwenu. Miaka saba baadaye tukafungwa na Kanada kumi na mbili kwa saba, tukashuka.

— Refa?

— Hapo ndipo nilipotaka mfike. Hakukuwa na refa.

— Vipi hakukuwa na refa?

— Alikuwapo, lakini hakutuachia kitu cha kumlaumu. Niliporudi nyumbani nilikuwa sina pa kuushika ule msiba. Nyinyi leo mna Masina, mna huyu bwana wa Mali, mna vaa. Mtalala. Mimi sikulala.

Halafu akaanza kusifu mchezo wake, na hapo alitukera kidogo, kama anavyokera mtu yeyote anayerudi kutoka ugenini. Kwenye raga, alisema, refa anazungumza na nahodha tu. Anavaa maikrofoni, na sababu ya kila uamuzi anaitamka, watazamaji wa nyumbani wakaisikia. Ukifanya rafu ya kadi ya njano unatoka nje dakika kumi kwenye ile ya watu kumi na watano, dakika mbili kwenye ile ya saba, wenzio wanacheza pungufu wakikutazama umekaa kwenye kiti. Ukirudi, umelipa.

— Yaani madhambi yao yana bei, akasema Maalim, akipendezwa.

— Yana bei, na unalipa pale pale. Nyinyi wa mpira wa miguu mnakopeshana mpaka Kiyama.

Mzee mmoja mvuvi, ambaye hakusema kitu usiku wote, akasema sasa kwamba mchezo wenye wanaume kweli anaujua mmoja tu, na hauna refa kabisa. Alikusudia mchezo wa ng'ombe, huu ambao tunaambiwa Wareno ndio waliotuachia, na ambao Wapemba tuliutia adabu yetu kwa kuamua kwamba ng'ombe hauawi. Anachezewa kwa kitambaa, wanawake wanaimba, kila mwenye kujiona shujaa anaingia, na jioni ng'ombe anarudi zizini kwake akiwa mzima.

— Aliyepigwa pembe umewahi kumsikia anamshitaki ng'ombe?

— Mzee, ng'ombe halipwi mshahara na shirikisho, Dogo akajibu, na hapo hata Maalim akacheka.

*

Nyumba iliyopakana na baraza ina dirisha, na dirishani yuko Shangazi. Hukaa ndani anachoma mikate ya kumimina ya kuuza asubuhi, lakini masikio yake yako nje. Alipochoka na Rabat alifungua ubao wa dirisha.

— Hebu niulizeni mimi nisiyejua mpira. Hii timu yenu huko kwenye makombe ya Afrika imeshinda mechi ngapi?

Mtu akaanza kusema habari ya kufuzu.

— Sikuuliza kufuzu. Kushinda.

Wakahesabu, na nikahesabu nao. Lagos 1980: tulifungwa na Nigeria, tukafungwa na Misri, tukatoka sare na Kodivaa. Misri 2019: Senegal wakatupiga, Kenya wakatupiga tatu kwa mbili (Mjomba alijizuia, tumshukuru), Algeria wakamalizia tatu. Kule Kodivaa, Januari 2024: tatu bila kutoka kwa hao hao Morocco, Novatus Miroshi akatolewa kwa kadi nyekundu, kisha sare na Zambia, sare na Kongo. Na safari hii: mbili kwa moja Nigeria, moja kwa moja Uganda, moja kwa moja Tunisia, halafu Rabat. Mechi kumi na tatu. Ushindi hakuna.

— Kumi na tatu, akarudia Shangazi. Mumeingia hatua ya mtoano kwa pointi mbili, za sare, mkashangilia mpaka nikaunguza mikate. Leo mnalia mmedhulumiwa.

Dogo alinyamaza kidogo, na alipojibu hakupandisha sauti. Naliweka jibu lake hapa kwa sababu kwangu ndilo lililokuwa neno zito kuliko yote ya usiku ule.

— Shangazi, kwani maskini haibiwi?

Hakuna aliyesema kitu. Hata muuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe.

Tukisema Stars haikustahili, tunakuwa tumemwambia Dogo kwamba haki ni ya wenye makombe. Timu yenye rekodi ya aibu ikisukumwa ndani ya kumi na nane bado imesukumwa. Ushindi wa kwanza katika miaka arubaini na sita, kama ungekuja, ungekuja vipi? Ungekuja kwa kitu kidogo namna hiyo hiyo: penalti ya dakika ya mwisho, dakika thelathini za ziada, mpira uliomgonga mtu mguuni. Timu kubwa hupewa vitu hivyo vidogo bila kuomba, na timu ndogo vitu hivyo hivyo ndivyo tu inavyovitegemea.

Lakini Shangazi hakushindwa. Mwanamke huyu hajawahi kushindwa barazani kwa miaka yote ninayomjua.

— Maskini anaibiwa, mwanangu. Akiibiwa analia siku moja. Siku ya pili anatia komeo. Komeo lenu liko wapi?

Na hapo akanikumbusha mimi, bila kujua, mechi ya Zambia ya tarehe 21 Januari 2024. Simon Msuva alifunga dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Mzambia mmoja, Roderick Kabwe, akatolewa kwa kadi nyekundu. Tukabaki na goli moja mkononi, watu kumi na moja dhidi ya kumi, nusu nzima ya pili. Ushindi ule wa kwanza ulikuwa umeshakaa mezani, umefunikwa na kawa. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. Madhambi siku ile walifanya wao, adhabu wakapewa wao, na faida ikaliwa na wao. Sikumbuki baraza lolote lililokesha kwa mechi ile. Tulisema bahati mbaya, tukaenda kulala.

Ndiyo maana maneno ya Mjomba yalinigonga. Mechi ya Zambia haikutupa mtu wa kumshika shati. Ya Rabat imetupa.

*

Fundi cherehani aliingia siku ya pili, na kwake Rabat ilikuwa na tarehe nyingine.

— Nyinyi mnazungumza 2026. Mimi Rabat naijua tangu 2017.

Vijana hawakuelewa. Akawaeleza. Machi 2017, mjini Addis Ababa, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa 55 wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika. Timu yetu wenyewe, bendera yetu, michuano ya kufuzu yetu. Fundi alishona bendera mpaka kitambaa cha kijani kikamwishia. Julai ya mwaka ule ule, tarehe 21, mkutano mkuu wa shirikisho ukakutana tena, ukautengua uanachama ule kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi yenye dola yake. Miezi minne tu. Na mkutano ulikuwa wapi? Rabat.

— Siku ile hakukuwa na Nado wala Masina, akasema Fundi. Nilisukumwa mimi, hapa nilipo kwenye cherehani. Na vaa haikuitwa.

Maalim alimkatalia, na alikuwa na haki. Rabat ulikuwa ukumbi tu. Waliotoa uamuzi ni wajumbe wa Afrika nzima, na hoja yao, ipende usiipende, ilikuwa ya katiba, haihusiani hata kidogo na mkono wa beki. Ukianza kuunganisha matukio kwa jina la mji, kesho utamkamata hata kocha. Alikusudia utani, kwa sababu Hemed Suleiman, Mzanzibari aliyeifikisha Stars kwenye fainali hizi, jina lake la utani ni Morocco.

Utani ule ulimwaga petroli. Kwani Morocco yuko wapi? Kocha aliyeipokea timu Januari 2024, baada ya mtangulizi wake Adel Amrouche kufungiwa mechi nane na shirikisho la Afrika kwa kusema kwamba Wamorocco wana mkono kwa marefa. Kocha aliyewafunga Guinea bao moja Novemba 2024 tukafuzu. Mwezi mmoja na kitu kabla ya fainali kazi akapewa Miguel Gamondi, Muargentina. Fundi akaona mkono mwingine mgongoni. Mjomba wa Kilifi akamkumbusha, kwa upole wenye sumu, kwamba huyo huyo Hemed aliipeleka Zanzibar Heroes fainali ya CECAFA kule Machakos Desemba 2017, ikaisha mbili kwa mbili, Wakenya wakashinda kwa mikwaju. Mikwaju ambayo hakuna aliyesukumwa.

Nilichokiona mimi katika patashika ile ni kwamba neno "sisi" lilikuwa linahama kiti kila mara. Fei Toto alipowafunga Tunisia tarehe 30 Desemba, goli lililotuvusha, lilikuwa la Mzanzibari. Timu iliyofungwa Rabat ilikuwa ya Tanzania. Nado akiwa chini alikuwa wetu sote. Hemed akiondolewa tunakuwa Zanzibar. Tarehe 13 Januari 2025, pale Gombani, Heroes walipoifunga Burkina Faso mbili kwa moja tukachukua Kombe la Mapinduzi, hatukuhitaji kueleza sisi ni nani. Uwanja ulijaa, mtu akamkumbatia asiyemjua. Na sikumbuki mtu hata mmoja aliyeniuliza refa wa siku ile alichezesha vipi.

Dogo, kwa ushahidi wa wote, alikuwa amevaa jezi ile ile ya Stars usiku wa Gombani. Nilimuuliza. Akasema ndiyo iliyokuwa safi.

*

Nimesema nilikuwa upande wa Dogo. Sasa niseme kwa nini nilitoka, au tuseme nilisogea kidogo.

Nikiwa skuli nilicheza beki. Tulicheza fainali ya skuli na skuli, kwenye kiwanja cha mchanga chenye mnazi mmoja ulioinamia kona. Walikuja watoto wa kijiji kidogo cha upande wa mashariki, kwa gari la ng'ombe, nusu yao pekupeku. Tulikuwa tunaongoza kwa moja. Mwishoni kabisa mtoto mmoja mwembamba akanipita, akabaki yeye na kipa. Nikanyoosha mkono nikamtia mgongoni. Sikumsukuma sana. Nakumbuka shati lake lilikuwa limelowa jasho, na nilihisi mifupa ya mgongo chini ya kiganja. Akaanguka. Mwamuzi alikuwa mwalimu wetu, na alikuwa mbali, au alikuwa mwalimu wetu. Mpira ukaendelea.

Tulibebwa. Tulikula pilau. Yule mtoto hakuniendea, hakusema kitu, alipanda gari la ng'ombe na wenziwe wakaondoka. Nadhani kwao kulikuwa na baraza usiku ule. Nadhani kulikuwa na Dogo wao na Maalim wao. Kwetu hakukuwa na mjadala wowote, na hili ndilo linalonisumbua: si kwamba tulibishana tukaamua haikuwa penalti. Hakuna aliyetaja. Nilipowasimulia barazani, Maalim akaniuliza kama naliita rafu au madhambi. Sikumjibu mpaka leo.

Kwa hiyo nikisikia kwamba Rabat, na Casablanca, na Marrakech usiku ule watu walikula vizuri na wakalala, sishangai. Wala sidhani ni watu wabaya. Ila sasa najua kwamba mkono wa Masina ungekuwa wa beki wa Tanzania mgongoni kwa Hakimi, sisi tungekuwa tunasimulia ulinzi wa kishujaa, na Dogo ndiye angekuwa wa kwanza kusema mkono si kusukuma.

Nilimwambia hivyo. Akafikiri.

— Kweli, akasema. Lakini vaa ingeiona.

*

Tarehe 18 Januari tulirudi barazani kutazama fainali, Senegal na Morocco, mle mle Rabat. Tulikuja kwa shingo upande, kila mtu akidai amepita tu. Ilianza saa nne usiku, na saa sita ilikuwa inakaribia bado bila kwa bila. Goli la Senegal likakataliwa. Halafu, mwisho kabisa wa dakika za nyongeza, Brahim Díaz akavutwa ndani ya kumi na nane kwenye kona, akaanguka. Refa, Jean-Jacques Ndala wa Kongo, aliacha kwanza. Kisha akagusa sikio. Akaenda kwenye skrini.

Dogo alikuwa amechuchumaa mbele kabisa, karibu avunje kioo.

— Hii wameitwa, akasema, pole pole. Mmeona? Hii wameitwa.

Penalti. Wasenegali wakatoka uwanjani, kocha wao akiwaamuru. Dakika zikapita. Maalim akasema hilo silo, mchezo hauachwi, hata ukidhulumiwa. Fundi cherehani akasema waende zao na wasirudi. Mjomba alikuwa amekwisha kurudi Kilifi, lakini alikuwa kwenye simu ya mtu, spika wazi, akisema huko kwao nahodha angemwendea refa peke yake. Sadio Mané akawafuata wenziwe vyumbani, akawarudisha. Díaz, yule yule aliyetufunga, akauweka mpira.

Alipiga kijiko. Mpira ukapanda taratibu, ukashuka katikati ya goli, na Édouard Mendy, ambaye hakuwa amekwenda popote, akaupokea mikononi kama anapewa kikombe cha kahawa.

Tulipiga kelele ambazo sijazisikia tangu Gombani. Watu walikumbatiana. Ubao wa dirisha ukafunguka, Shangazi akatoa kichwa, kanga begani, usingizi machoni.

— Kafunga nani?

— Hajafunga mtu, Shangazi, Dogo akasema, anahema, jezi ya Fei imemganda mgongoni kwa jasho.

— Mbona mnashangilia?